Kipande cha Mzee Mligo

Neema, niliyemfundisha kazi kama ninyi wenzake, ameniuliza mara tatu sasa kwa nini niliacha. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili nje ya kanisa, kanishika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo ya moyo. "Mama Tabita, ulibakiza miaka miwili ustaafu. Umeniwekea funguo mezani, ukaondoka hata chai hukunywa. Tumekukosea nini?" Hamkunikosea kitu, wanangu. Jibu ninalo, ila lina mkia mrefu, na mkia wenyewe unaanzia enzi za Mwingereza, siku nilipoingia katika nyumba ile kufua mablanketi. Nimeliandika kwa sababu mdomo wangu haukuweza. Habari za vyeo msizitafute humu. Nilipata viwili tu maishani, na cha pili nitawaeleza nilivyokipata, maana hakikunifurahisha hata kidogo.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi. Nyumba ya Wazee ya misheni ilikuwa pembeni ya Njombe, ndefu, ya matofali, bati juu, na nyuma yake miti ya miwati imepandwa mpaka bondeni. Wanaume walilala upande mmoja na wanawake upande wa pili, na katikati palikuwa na chumba cha dawa. Walioletwa pale walikuwa wazee waliopotewa na akili: wanaosahau majina ya watoto wao, wanaoingia nyumba za watu alfajiri wakidhani ni kwao. Kijijini kwetu mzee wa namna hiyo hakuitwa mgonjwa, aliitwa mchawi. Kwa hiyo siku ya kwenda kuanza kazi mama yangu alinifunga uzi wa kinga mkononi, akakumbuka kwamba sisi ni Walutheri, akaufungua, kisha akaufunga tena juu zaidi, ndani ya mkono wa gauni, mchungaji asiuone.

Asubuhi ile ile ya kwanza bibi mmoja alinirukia mlangoni, akanikumbatia shingoni akilia, "Lusia, umerudi! Lusia wangu!" Mama yangu weee! Nilitupa ndoo, nikapiga yowe mpaka kuku wa misheni wakatawanyika. Lusia, niliambiwa baadaye, alikuwa binti yake aliyekufa kwa ndui kabla mimi sijazaliwa. Nikajua uzi wa mama haukufanya kazi.

Aliyenitoa mikononi mwa bibi yule alikuwa Baba Yoeli, dresa mkuu, yaani mganga msaidizi wa dawa na vidonda. Mtu mfupi, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama yenyewe, funguo za kabati la dawa zikining'inia shingoni kwa kamba ya katani. Hakunicheka. Alisema, "Usimwambie amekosea. Muulize Lusia alipenda kula nini." Nikauliza. Bibi akafuta machozi, akaanza kueleza habari za mahindi mabichi ya kuchoma, na kabla hajamaliza alikuwa ameketi. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza. Mengine yote niliyowafundisha ninyi ni watoto wa hilo.

Baada ya miezi kadhaa Baba Yoeli alinitoa kwenye mablanketi, akanifundisha kazi. Kuchemsha sirinji ya kioo mpaka maji yacheke. Kutandika mpira chini ya shuka bila kuacha mkunjo, maana mkunjo huzaa kidonda na kidonda huzaa kaburi. Kumgeuza mtu mzito bila kuvunja mgongo wako. Na juu ya yote, dawa. Siku zile hatukuwa na dawa ya kurudisha akili, kama ninyi msivyo nayo leo. Tulikuwa na dawa ya kutuliza, maji ya chumvichumvi kwenye chupa ya kahawia, kijiko kimoja kila asubuhi kwa yule anayehangaika sana. Kimoja. Vikizidi, dawa hujikusanya mwilini. Mgonjwa hulewa, hupepesuka, akili iliyobaki nayo huondoka. Kwa hiyo sheria ya Baba Yoeli ilikuwa moja, naye aliisema kila siku kama sala: alama kwanza, kijiko baadaye. Yaani ukishamnywesha, utie alama daftarini papo hapo, kabla hata kijiko hakijaoshwa.

Mniruhusu niseme wazi, niliogopa kila siku ya kazi yangu. Si kung'atwa, hapana, meno wenyewe hawakuwa nayo. Niliogopa mlango. Ukiufunga kwa komeo, likianguka kaa la moto kwenye blanketi, wataungua wote humo ndani. Ukiuacha wazi, mmoja atatoka kwenda kutafuta maisha yake ya zamani, na baridi ya Njombe ya mwezi wa saba haina huruma, inaua ng'ombe seuze mzee. Sista, yule Mzungu aliyekuwa msimamizi wetu, alitaka komeo. Baba Yoeli alikataa, akafunga kengele ya ng'ombe mlangoni. Nililala nikiisikia kengele ile hata nilipokwenda likizo kwetu.

Sasa Mzee Mligo. Aliletwa na wazee wa kanisa, majirani zake wakiwa wameshaahidi kuichoma nyumba yake. Kosa lake? Kila alfajiri aliingia nyumba za watu akipapasa kuta, anatafuta panga. Hee, nani hataogopa? Lakini panga lenyewe alilitaka la kukatia mkonge. Ujanani alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, alikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga safari tatu, na sasa akili yake ilikuwa imerudi kule ikakataa kutoka. Aliamini yuko kambini. Aliamini mkewe Sekela anamngoja Njombe, naye Sekela alikwisha kufa zamani, na Njombe ndiko alikokuwa amesimama.

Kulipopambazuka alijipanga ukutani peke yake, wima, akingoja kuhesabiwa. Uji hali, dawa hanywi, ukimgusa anapiga. "Kipande changu kiko wapi?" Ndiyo hiyo tu. Siku ya nne macho yalikuwa yameingia ndani, nikaona mtu huyu anatufia kwa ajili ya kadi. Ninyi vijana hamkuziona zile kadi. Manamba alikuwa na kipande chenye visanduku thelathini. Kila siku akimaliza kazi aliyopimiwa, nyapara anatia alama. Visanduku vikijaa, kipande kimekwisha, mtu amemaliza. Basi nikakata boksi la sabuni, nikachora visanduku thelathini kwa rula ya Sista, nikamsogelea na kumsalimu kikwetu. "Mzee Mligo, kamwene. Kazi ya leo ni debe moja la mahindi ya kupukuchua, uji, na kijiko kimoja cha dawa. Ukimaliza natia alama."

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Nyapara mwanamke!" akasema. "Wazungu wameishiwa." Kisha akala uji.

Tangu siku ile akawa mtu mpole, na mimi nikawa Bi Nyapara, cheo changu cha kwanza. Kipande alikiweka mfuko wa shati, akakitoa kila asubuhi baada ya kijiko. Baba Yoeli alifurahi, ila alinivuta kando. "Umefanya vizuri, mwanangu, lakini umejitegea mtego. Manamba akijaza kipande anaondoka. Usikubali kijae hata siku moja." Kwa hiyo kila nilipofika ishirini na tano nilimpa kadi mpya, nikamwambia Bwana Mkubwa amebadilisha karatasi. Aliwatukana Mabwana Wakubwa wote, akapokea. Kadi ngapi zilipita hivyo, sikumbuki. Nilidhani nimeushinda mtego.

Mwezi wa saba bibi mmoja alianguka akavunjika nyonga, ikabidi nimpeleke hospitali ya Ilembula na kukaa naye. Asubuhi ya kuondoka nilimpa Mzee Mligo kadi mpya isiyo na alama hata moja, nikamkabidhi kwa Baba Yoeli mwenyewe, kijiko na kipande, vyote mkononi mwake. Nilikaa Ilembula siku kumi na tano, na wala sikuwa na wasiwasi. Thelathini ilikuwa mbali. Na kama si Baba Yoeli, ningemwamini nani? Kweli, wakati wa Pasaka aliniita Lusia badala ya Tabita, na mara moja alitia chumvi kwenye chai ya Sista. Tulicheka sana. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Nilirudi saa kumi alasiri, nikakuta kelele. Mzee Mligo hayupo. Baba Yoeli amesimama mlangoni, kengele ikitikisika na upepo juu ya kichwa chake.

"Ameondoka lini, Baba?"

"Baada ya chakula cha mchana. Alikunywa dawa, nikamtia alama. Akanipa mkono, akasema kwaheri."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia kwaheri." Alinitazama kama mtoto aliyevunja chungu. "Alivyoaga vizuri, Tabita, sikuona kwa nini nisimjibu."

Hata hapo sikuelewa. Nilishika taa tukaingia miwatini, tukaita mpaka sauti zikakauka. Usiku ule sitausimulia. Asubuhi majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu, ile baridi inayoganda juu ya nyasi ikazikausha kama imezichoma. Nilitembea kando ya mto, na kila kichuguu cheupe nilikiona mgongo wa mtu aliyejikunyata. Nilikuwa nasogea, nafumba macho, nagusa kwa mguu. Udongo. Nasogea tena. Nilijiambia, mimi ndiye niliyechora zile kadi, nimemuua mzee wa watu kwa boksi la sabuni.

Kwenye saa mbili lori la dukani likatokea upande wa Makambako. Dereva, Salumu, mtu wa pwani aliyekuwa akivaa makoti mawili na bado akalalamika, alisimama akatoa kichwa. "Mnatafuta mzee? Ana kadi ya boksi?"

"Yuko wapi? Yu hai?"

"Hai, ingawa baridi ile ilitaka kummaliza. Yuko Makambako, kituo cha kuandikisha manamba wa mkonge. Lori la magome ya miwati lilimpakia jana, aliwaambia anawahi safari. Amejipanga na vijana wanaokwenda Tanga, na lori lao linaondoka saa sita. Wamemficha katikati yao, wanasema mzee huyu ni baraka, anaujua mkonge."

Loo! Nilipanda lile lori kabla sijaalikwa. Nikamwambia Salumu, ageuze. Akasema ana mzigo wa chumvi. Nikamwambia mzee yule akifika Tanga hatarudi hata maiti yake, na chumvi haiozi. Aligeuza, huku akinitukania barabara, gavana na mababu wa Wabena wote, kwa Kiswahili kizuri ambacho sijakisikia tena. Njia nzima niliangalia jua. Kila kilima lile lori lilipanda kwa kuugua, na mimi nilisukuma kwa magoti.

Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda, maduka machache na upepo. Tulifika lori la manamba limeshawashwa. Nilimwona juu yake, katikati ya vijana, blanketi la mtu begani, midomo myeusi, miguu imepasuka. Alikuwa anatabasamu.

"Baba Mligo, kamwene."

"Kamwene, Bi Nyapara." Alishika mfuko wake. "Umenifuata. Lakini safari hii huniwezi. Kipande kimejaa, hesabu mwenyewe. Usinirudishe kambini. Namwendea mke wangu."

Karani wa kituo akapiga kelele kwamba wanachelewa. Nikajua, nikimwambia amekosea, nimempoteza. Atashika ubao wa lori lile kwa nguvu zote alizobakiza, nami nitaachwa barabarani na vumbi.

"Sikukujia kukurudisha," nikasema. "Umemaliza, baba. Lakini umepanda lori la wanaoanza. La waliomaliza ni lile pale. Linakwenda Njombe."

Aliligeukia lori la chumvi, akamtazama Salumu. "Linafika Njombe kweli?"

"Linafika, mzee wangu," Salumu akajibu, sauti yake imebadilika. "Mungu akipenda na springi zisikatike."

Akashuka. Vijana walimshika kwapani, mmoja akamwachia blanketi. Miaka yote niliwadanganya wazee wangu ili wale, walale, waoge. Siku ile peke yake nilisema kweli tupu.

Ndani ya lori alilala begani kwangu. Nikachukua kile kipande mfukoni mwake, nikitaka tu kuona. Visanduku thelathini, alama thelathini. Nikahesabu siku zangu za Ilembula kwa vidole. Kumi na tano. Nikahesabu tena. Alama zote zilikuwa za mkono mmoja, wima, na kimkia chini, mkono ulionifundisha kuandika dawa. Alama kwanza, kijiko baadaye. Kila alama ni kijiko. Asubuhi Baba Yoeli alimnywesha, na mchana alipomwona Mzee Mligo amemnyooshea kipande, alimnywesha tena, akidhani siku ndiyo kwanza inaanza. Mzee Mligo naye angesema nini? Manamba gani atakataa siku mbili kwa moja?

Hata sakitu sikuiogopa kama nilivyoliogopa hilo. Maana Baba Yoeli hakuwa na kijiko cha Mzee Mligo tu. Alikuwa na funguo za kabati zima. Nilianza kuwapita wazee kitanda kwa kitanda kichwani mwangu, nani alikuwa anapepesuka nilipoondoka, nani alilala mno, na nikaona tulipokuwa tukisema "ugonjwa umezidi" labda tulikuwa tukisema uongo.

Tulipofika, Mzee Mligo alishuka, akavuta pumzi, akasema hapa ndipo. Aliuliza Sekela yuko wapi. Yule bibi wa Lusia, aliyekuwa akiota jua mlangoni, akamjibu bila kufikiri, "Kaenda mtoni, keti." Akaketi. Hakudai kipande tena maisha yake yote, nayo yalifika mpaka mvua za kwanza.

Nilimfuata Baba Yoeli chumba cha dawa, nikaweka kipande mezani. Aliinama akakitazama muda mrefu.

"Mkono wangu huu."

"Ndiyo, Baba."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Kumi na tano."

Akafungua daftari kubwa la dawa, akapitisha kidole. Kulikuwa na alama mbilimbili mahali pengi, kwa majina mengine pia. "Kila nilipotia ya pili," akasema, "nilidhani asubuhi ilikuwa jana."

Nami, Mungu ananiona, nilifunga mlango. Nikamwambia hakuna haja Sista ajue, nitakuwa nazunguka naye, nitaangalia nyuma yake. Nilimpenda mtu yule kuliko baba yangu mzazi. Yeye akatikisa kichwa. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na kilio hiki hakitakuwa changu, kitakuwa cha wazee hawa." Akavua kamba ya katani shingoni. "Chukua, Tabita. Chukua sasa hivi, kabla sijasahau kwamba nilitaka kukupa."

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha pili. Tulikwenda kwa Sista pamoja, akasema yote mwenyewe, wima, kaptula imenyooka. Miaka miwili baadaye alikuwa kitanda cha tatu upande wa wanaume. Kila asubuhi alipapasa shingo yake, hofu ikamjaa usoni. "Funguo ziko wapi?" Ninazo, Baba. "Umetia alama?" Nimetia. "Kabla ya kuosha kijiko?" Kabla. Ndipo alipokubali kula. Alinisahau jina, akasahau la mkewe, lakini hilo aliniuliza mpaka wiki aliyokufa.

Sasa Neema, mwezi wa sita ulipokwenda likizo, zamu niliishika peke yangu, unakumbuka. Siku ya tatu, alasiri, nilifungua daftari. Kwenye jina la bibi wa kitanda cha dirishani palikuwa na alama mbili za asubuhi ile. Ninyi mnajua alama zangu, zinalalia kushoto. Zote mbili zililalia kushoto. Nikakaa chini. Nikajaribu kukikumbuka kijiko cha kwanza, nikakiona vizuri kabisa. Cha pili sikukiona popote. Nilimkalia bibi yule kitandani mpaka jioni, nimeshika mkono wake, nahesabu pumzi zake. Aliamka akadai uji. Sijapata kufurahia kudaiwa uji namna ile. Siku uliporudi nikakuwekea funguo mezani, nikaondoka bila chai, kwa sababu ningekaa ninywe chai ningezichukua tena.

Basi mmejua. Naogopa, wanangu, siwafichi. Siku mtakapokuja kunichukua niwe kitanda cha tatu, na mtakuja, msinifungie kwa komeo. Mkiniona napapasa shingo, niambieni funguo mnazo. Nikiwauliza kama mmetia alama, nijibuni mmetia. Lakini muwe mmetia kweli.